Maneno ya Ndahani Gazetini

Mlali, Jumanne, kabla ya kuwasha taa.

Salamu nyingi, marehemu mke wangu, na uniwie radhi kwa kukawia. Siku kumi sijakuandikia humu daftarini.

Gazeti la misheni limefika. Habari yangu ya ng'ombe waliotwaliwa na askari imepigwa chapa yote, nami nilifurahi kama mtoto. Jina la mwenye ng'ombe, Ndahani, sikulitia, nikidhani nimemficha. Maneno yake niliyaacha kama alivyoyatamka, kwa maana niliona kuyanyoosha ni kumnyang'anya mara ya pili.

Leo akida ameyasoma barazani, akimwigiza: "Mimi hapana nyamaza, baba'ngu! Askari nakula ng'ombe, kesho nakula mtoto?"

Watu wakacheka. Mmoja akapiga paja: "Loo, si Ndahani huyo? Nani mwingine huita kila mtu baba'ngu, hata mbuzi wake?"

Akida akakunja gazeti. "Shikamoo, Mwalimu," akaniambia kwa upole. "Umeandika vizuri, hata sauti yake nimeisikia."

Mwezi uliopita mtu alinung'unika maneno mepesi kuliko hayo, akapigwa viboko hamsa ishirini. Hajasimama mpaka leo. Na Ndahani ni mzee kunishinda...

Nimeamriwa kuandika barua ya kumwita bomani. Nimeiandika kwa Kiswahili safi, Mungu anisamehe. Itaondoka alfajiri, na mchukuzi wake ni mimi. Akida asema Ndahani akiniona mimi hatakimbia.