Yaya, Dawa Yako Imeshindwa

Yaya Odette, mukubwa yangu,

Minye njo nimeshinda. Dawa yangu ya potasi imepiga dawa yako ya amini, na sina hata muntu mumoja wa kumuchokoza nayo.

Tangu tulikuzika, labo imekuwa kimya mubaya. Courant ya umeme ikikatika hapa Panda tunawasha groupe, ile mashini ya umeme ya mazuti, sawa zamani, tunavuta moshi yake na ile bomba yetu ya mupira, tunaipitisha mu chupa mbili, moja dawa yako, moja yangu. Tunaangalia ni gani inakamata muzuri gaz carbonique, ile hewa mubaya ya moshi, kisha tunapika dawa juu ya mbabula, jiko yetu ya makala, ili iachilie ile gaz, tutumie dawa tena. Nasema "tunaangalia". Ni minye peke yangu.

Amini yako inakamata mbio, siwezi kukatala. Potasi inavuta miguu. "Petit, mudogo yangu, dawa yako inalala, uitandikie kitanda!" njo vile ulikuwa unaniambiaka. Na ile siku ulibeba bidon ya amini ku nyumba yako Kikula, kifuniko ikalegea, harufu yake ya samaki ikajaa njia yote, mama wa jirani akakuja na sahani kuuliza samaki ni bei gani! Wee, ulicheka mupaka ukakaa chini.

Lakini kuachilia, Yaya, amini haitaki. Makala inaisha, yenyewe ingali imeshikilia. Na imeanza kukula chuma ya chungu. Potasi, moto kidogo tu, imeachilia. Nimerudilia, nikarudilia tena, nikitafuta fasi nilidanganyika. Sikuona.

Kesho bakubwa ba kiwanda banakuja kuchagua dawa moja ya kusafisha moshi yabo. Ungekuwa muzima ungebisha, ungepiga meza, ungeniita kichwa nguvu mbele yabo. Sasa bataangalia chupa, bataitika, bataenda kukunywa chai. Weye ulinifundisha hii kazi, na kwa dawa yako hakuna sauti hata moja. Hiyo njo inaniumiza. Homa ilikubeba mbio sana, Yaya. Hata hatukumaliza kubishana.

Basi sikia. Kesho nitaacha potasi yangu ku meza, nitasimama kwanza upande yako. Nitasema vile amini inakamata mbio, nitapiga meza sawa weye, nitajiita minye mwenyewe kichwa nguvu. Kisha bachague. Potasi itashinda tu, najua. Lakini hautashindwa kimya. Utashindwa na makelele yako.

Lala muzuri, Yaya.

Petit yako,
Dieumerci