Themostati ya Hamisi

Jumamosi, 3 Mei
Nimetoka zamu kwenye nyumba ya kutunza wazee, nikabadili viatu, moja kwa moja gereji. Bi Kizee, gari langu la mashindano, kachemsha tena. Ameunguruma kidogo tu na mvuke ukaonekana mtaa wetu mzima wa Black Rock. Rejeta yake ya shaba imeziba kwa kutu ya injini, na inavuja. Mume wangu Hamisi anataka kuziba matundu kwa kuichomea risasi kwa mara nyingine. Bi Kizee amekuwa mgonjwa wa kupigwa risasi kila mwezi.

Tumegombana. Kisha tumekubaliana: nisiposhinda hata raundi moja kwenye mbio za Columbus, gari linauzwa. Mzee mmoja wa Kenmore analitaka. Hamisi anasema Jumamosi zetu zote zinaliwa na chuma. Mimi sitaki kuuza. Sitaki kabisa.

Jumanne, 6 Mei
Nimempigia Kiza, Mkongo wetu. Tulikaa naye jengo moja kabla hajahamia Louisville, na sasa yuko kwenye ghala la vipuri vya magari ya zamani. Kanihoji kama polisi. Upana wa nafasi ya mbele? Mdomo wa hozi ya juu uko kushoto au kulia? Nimepima kwa futi kamba ya kushonea.

Tumechagua rejeta ya aluminiamu, safu mbili za mirija mipana. Hamisi alitaka safu nne. Kiza akasema wingi si hoja, upepo nao unataka njia. Na feni ya umeme, ile ya kuvuta, inayokaa nyuma ya rejeta. Kumbe kuna ya kusukuma, inakaa mbele. Ningeagiza hiyo bila haya.

Jumatano, 14 Mei
Boksi limefika. Nimelifungua kama bibi harusi aliyeletewa sanduku. Rejeta inang'aa, hozi mpya, themostati mpya ndani ya kimfuko. Nimelala na furaha.

Jumapili, 18 Mei
Hamisi amefunga kila kitu. Maji matupu, maana kwenye uwanja wa mbio kipoezi, ile dawa ya rejeta, hakiruhusiwi, kikimwagika magari yanateleza. Tumewasha. Mshale wa joto haukupanda hata kidogo. Hamisi kasimama mikono kiunoni. Nikambusu, jirani anatazama.

Ijumaa, 23 Mei
Columbus. Mazoezi. Nina hasira.

Mbio zetu hazimtaki mwenye kasi kuliko wote. Unaandika kwenye kioo muda utakaotumia, kisha unauendesha uleule. Ukiwahi kuliko ulivyoandika, umetoka. Bi Kizee hana kauli moja. Mara ya kwanza kajikokota, ya pili karuka, ya tatu katikati. Nitaandika nini? Hamisi anasema labda ni mimi. Nimekula chipsi peke yangu.

Jumamosi, 24 Mei
Kiza kaja asubuhi kutoka Louisville, na chapati za mkewe. Kashika hozi ya juu injini ikinguruma, kaachia, kanitazama.

"Bon, Mama Salma. Motere iko baridi. Ile termosta muliweka wapi?"

Nikamgeukia Hamisi. Hamisi akawa anatazama mawingu.

Kwetu gari likichemsha, cha kwanza fundi anang'oa themostati, kile kizibo kinachozuia maji mpaka injini ipate joto lake. Nadhani Morogoro nzima haina themostati. Hamisi kajitetea kwamba mwenye homa hafunikwi blanketi. Nikamwambia kwamba gari limepoa mpaka limekosa akili, kila safari lina joto lake na muda wake. Nilisema kwa sauti ya juu. Sijutii.

Hakuwa ameitupa. Ilikuwa kwenye sanduku la spana, bado ndani ya kimfuko. Kaifunga mwenyewe, mikono imelowa. Mshale ukapanda, ukafika katikati, ukatulia. Majaribio mawili, muda ni uleule. Nikauandika kwenye kioo kwa rangi nyeupe.

Raundi ya kwanza nimeshinda! Kijana mwenye gari jekundu aliwahi kuliko alivyoandika. Raundi ya pili nimesinzia kwenye taa ya kuondokea, kosa langu tupu. Si kitu. Ng'ombe hazeeki maini. Tumecheka na Kiza mpaka mbavu zikauma. Hamisi kacheka kidogo.

Jumatatu, 26 Mei
Nyumbani. Mvua nyepesi. Nimemwaga maji ya rejeta na kukausha viti. Yule mzee wa Kenmore kapiga simu, Hamisi ndiye aliyepokea. Kamwambia gari haliuzwi, kisha wakaongea hali ya hewa kwa muda mrefu.

Baadaye kaja gereji na chai. Miaka yote hii hajawahi kukaa kwenye kiti cha dereva cha Bi Kizee. Kaniuliza, akiangalia pembeni, kama helmeti yangu ingemwenea.

Haikumwenea. Ana kichwa kikubwa. Nimemwagizia yake.