Motard Alipotea, Nami Nikapiga Vigelegele

Jumanne. Mvula tangu asubui, na mimi niko na furaha yenye sijui nitaiweka wapi.

Hapa Bukavu nyumba hazina numero. Mutu akikuja kwako unamuelezea: pita kanisa, shuka, uliza kwa maman fulani. Basi wakati tulianza kuagiza chakula mu application moja ya simu, bwana yangu, mukubwa wa bureau, ofisi ya serikali, na mwenye kupenda heshima, alijaza mwenyewe pale pa kuelezea nyumba: "Portail ya rangi fulani (ni mulango wa inje; sisemi rangi, nimejifunza), nyuma ya kanisa, kwa Chef de bureau. Niko nyumbani kila magaribi. Mbwa hailumi."

Mbwa hailumi! Mbona hakuongeza na fasi tunaficha ufunguo?

Wakati ule tulicheka. Motard, kijana wa pikipiki mwenye kuleta chakula, alikuwa anafika mbio, anamuita bwana yangu Chef, naye anavimba kichwa.

Kisha vita ikaingia mu muji. Wakubwa wakabadilika, na watu wa bunduki wakaanza kuzunguka mu quartier, mutaa kwa mutaa, wakiuliza nani alitumikia serikali. Bwana yangu akaacha cravate, ile tai yake ya kazi, akajifungia ndani. Siku moja niko napika sombe, majani ya muhogo, yale maneno yakanirudilia. Kwa Chef de bureau. Yangali pale, mutu yeyote wa ile application anayasoma.

Sombe ikaungua.

Nikawaandikia: mutufutie yote. Mutu wao akajibu na sauti tamu, "Maman, usijali, tunaiweka ili chakula ifike mbio."

Mbio! Nikamwambia, "Papa, habari zetu ni zetu. Tuliwapa juu ya chakula tu, na leo hatutaki tena. Munionyeshe yote yenye muko nayo, kisha mufute."

Réseau ya simu ikakatika. Ikarudi, nikaandika tena. Na tena. Bwana yangu akasema niache, nitawachokoza. Yeye woga wake inanyamaza. Ya kwangu inapiga kelele.

Juzi wakatuma yote: portail, kanisa, magaribi, mbwa. Jana wakaandika ati imefutwa. Lakini mutu si anaweza kusema tu?

Basi leo nikajaribu. Nikaagiza fufu na sambaza, samaki wadogo wa ziwa, nikaacha numero ya simu peke yake, ile ile ya zamani: kama hawakufuta, motard atafika bila kuuliza. Nikangoja dirishani, roho juu juu.

Simu ikalia. Motard mupya, sauti sijawahi kuisikia, amekasirika mu mvula: "Maman, niko nazunguka tu! Kwako ni wapi? Huku hawakuandika kitu!"

Nikapiga vigelegele katikati ya jikoni. Masikini, alifikiri namucheka.

Nilimwambia asimame kwa barabara kubwa, nikamufwata mwenyewe na mwavuli. Nilimwomba samahani mara nyingi, bila kumwambia juu ya nini.

Najua motard wa zamani wanaweza kutukumbuka. Ile siwezi kuifuta. Lakini leo napumua.

Bwana yangu alionja, akakunja uso: sambaza imepoa. Nikamwelezea motard alivyopotea. Akaniangalia, akavuta sahani karibu.

"Ikuwe inapoa tu kila siku," akasema, na macho yake ilikuwa na machozi.

Kesho nitaagiza tena. Mvula inyeshe ao isinyeshe, barabarani nitatoka mwenyewe.