Shuka la Mtoto Kilimani

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta hapo kwa kaka ukiwa mzima, na kwamba wifi anakulazimisha kula. Sisi huku tuko salama, ila meno yanamsumbua mjukuu wako, na akisumbuka yeye nyumba nzima inasumbuka. Naandika nimesimama, karatasi juu ya kabati, maana nikikaa tu anajua. Mwandiko ukipanda na kushuka, usidhani nimelewa.

Baba, tangu uondoke situlii. Ulisema ziwa limekufa, sangara wamehama, na Fundi Injini aje aichukue boti Jumamosi. Ukapanda gari bila kugeuka nyuma. Mimi nikabaki nazunguka: nafua, naacha ndoo katikati, nashuka ufukweni kuiangalia boti, narudi. Shangazi akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia bado sijui.

Jambo lenyewe lilikuwa haliniingii akilini. Wewe ndiye uliyenifundisha: tangi jeupe la kliniki ya kilimani likae juu kabisa ya paa la shule, ncha ya kisiwa iguse rasi, na hapo ndipo ulipo mwamba chini ya maji, ambao sangara wakubwa hawauachi. Msimu mzima uliwapeleka wageni pale pale. Kila ukishusha jiwe lililopakwa sabuni ili linase kilichoko chini, sabuni ilipanda na tope badala ya changarawe. Wageni waliotoka mbali kuja kupambana na samaki wakarudi kwao na picha za ndege. Ukasema mwamba umefukiwa. Nani angekubishia?

Jumatatu nilimpeleka mtoto kliniki kupimwa uzito. Mabenchi yalijaa, nikakaa uani kwenye kisiki cha zege nimnyonyeshe. Visiki hivyo viko vinne, na akina mama wanavigombania kama viti vya mbele harusini. Nikamuuliza nesi vilikuwa vya nini. Akasema ni miguu ya tangi la zamani. Lilivuja, wakalibomoa walipopanua wodi, wakajenga jingine kule nyuma ya jiko. Baba, nilisimama mtoto akiwa bado kifuani. Kilimani pale, toka tangi hadi tangi ni umbali wa kumwita jirani. Majini ni kuukosa mwamba kabisa.

Nikaazima ufagio wao mrefu wa kufagilia dari, nikafunga shuka la njano la mtoto nchani, nikaukaza kwa waya kwenye nondo zilizobaki juu ya kisiki. Nesi akasema sawa, ila buibui wakizaliana wodini ataniita mimi nikawatoe.

Kesho yake akaja Bwana Kofia, yule mgeni wako wa kila mwaka, anakuulizia. Nikamwambia nitampeleka mimi. Akaangalia madoa ya uji begani mwangu, akauliza kama tunakwenda kuvua au kulea. Nikamjibu inategemea yeye, kama atalia. Akacheka, akapanda.

Shangazi alibaki na mtoto. Shuka lilipokaa juu ya paa la shule nikazima injini, nikashusha jiwe. Lilipopanda, sabuni ilikuwa imejaa changarawe. Bwana Kofia akarusha, akarudisha, kapa. Akarusha tena. Mshipi ukakaza hadi boti ikageuka. Akapambana mpaka kofia ikaanguka majini na hakuiangalia, wewe unamjua alivyo na kofia yake. Sangara alipopanda, urefu wake ulikuwa kama mjukuu wako na mwenzake wa kuazima. Tukampiga picha, nikamshikilia majini ubavuni mwa boti mpaka akapata nguvu, akaondoka mwenyewe.

Bwana Kofia akasema, "Mwambie mzee mwamba wake bado una wenyewe."

Sasa lile lililonikaa kooni. Tangi la zamani lilikuwa la duara. Hili jipya ni la pembe nne. Wewe wa siku zile ungeiona tofauti hiyo ukiwa katikati ya ziwa na jua usoni. Mimi nilikuwa na mimba, kisha kichanga, nikawa naangalia tu kidole chako kinakoelekea. Ziwa halijafa, Baba. Ni macho yako. Nimekumbuka unavyotafuta tundu la ndoano kwa ncha ya ulimi, na unavyosubiri mtu aongee ndipo umsalimie kwa jina. Sijamwambia yeyote. Bwana Kofia nimemwambia samaki wana misimu yao.

Fundi Injini alikuja jana, hata Jumamosi haijafika, ana haraka huyo. Nimemwambia boti haiuzwi. Plagi ya injini nimeichomoa, iko kwenye mfuko wa nepi chafu, na hakuna mwanamume wa mtaa huu atakayetia mkono humo.

Kaka akupeleke kwa daktari wa macho kwanza. Upone usipone, utarudi, na usukani nitashika mimi. Wewe utakaa mbele na jiwe lako, maana sabuni inasomwa kwa vidole, na vidole vyako sijavifikia. Hili silijadili, hata ukinuna.

Nisalimie kaka, wifi na watoto wao. Shangazi naye anakusalimu, anasema bila wewe hana wa kugombana naye. Shuka bado liko kilimani, kwa hiyo mtoto nimemfunika koti lako la kazini. Linanuka samaki, lakini ndani ya hilo tu ndimo anamotulia. Amelala sasa, Baba. Na mimi nimekaa.

Ni mimi,
binti yako mkaidi