Insha ya Binti Yangu Niliiandika Mimi, na Sasa Mwalimu Ananitaka Shuleni

Mpendwa mshauri Rael, naomba msaada wako kabla Jumatatu haijanifikia, na nakusihi usinicheke, kwa sababu mke wangu amecheka siku tatu mfululizo na wateja wake wote wa omena, wale dagaa wa ziwani, sasa wanajua mambo yangu.

Naitwa Masese, nina miaka arobaini na minne, ni fundi cherehani hapa Isebania, nashona sare za shule, na siku ya Sabato naimba kwaya mstari wa mbele, yaani mimi ni mtu wa heshima zangu. Nina binti mmoja tu, Nyanchoka, wa miaka kumi na miwili, ambaye Januari hii aliingia gredi ya saba, ile wanayoiita sekondari msingi, na ingawa ni uwanja uleule wa shule ya msingi, amevuka tu upande wa pili wa ua, ilikuwa kama amehamia nchi nyingine, maana kule alizoea mwalimu mmoja aliyemjua mpaka jina la mbuzi wetu, na sasa kengele ikilia anatoka huyu anaingia yule, masomo tisa, begi limejaa halifungiki, na wiki ya kwanza akarudi analia akaniambia, "Baba, nimepotea, sijui hata daftari gani ni la nini."

Mshauri, moyo uliniuma. Nikachukua ratiba yake nikaibandika ukutani juu ya cherehani, nikamwambia, "Usiogope, tutasoma pamoja," na mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa ametuambia kwenye mkutano kwamba wazazi tushiriki, basi nami nikashiriki. Walipoambiwa washone aproni kwa mkono nilimwonyesha mshono wa kwanza, akavuta uzi ukakatika, nikasema hebu lete hapa, nikaimaliza kwa mashine, nikatia mfuko wa zipu na utepe mwekundu pembeni, akapewa alama ya juu kabisa, Kuzidi Matarajio. Furaha niliyoipata siwezi kukueleza. Tangu hapo akitoka shule mimi ndiye namkimbilia, "Leo wametupa kazi gani?" naye anatua begi kwenye meza yangu anakwenda kuruka kamba na akina Nyamusi wa jirani, mimi nasukuma suruali za watu kando, nafanya hesabu za sehemu, nachora moyo na mishipa yake, nimepanda sukuma wiki kwenye gunia kwa ajili ya somo la Kilimo, na siku moja kazi ya sayansi iliporudi na Kukaribia Matarajio nilishindwa kula, nikavaa koti nikaenda kumuuliza mwalimu kosa liko wapi, naye akaniangalia akasema, "Mzee, mbona unasema 'jibu langu'?"

Ningeacha hapo. Sikuacha.

Mwezi huu mwalimu wa Kiswahili, Bwana Mniko, akawapa insha, "Siku ya Furaha Kuu Maishani Mwangu," Nyanchoka akaniletea kama kawaida, nikaanza kuandika, na mshauri, kalamu ilinichukua, nikasahau kabisa naandika kwa niaba ya nani, kwa sababu mimi darasa la nane nilifaulu nikaitwa sekondari, lakini Januari hiyo baba akafariki, nikawekwa kwenye cherehani ya mjomba, na tangu mwaka huo hakuna mtu aliyewahi kunipa insha. Nikajaza kurasa tatu. Nikampa anakili kwa mwandiko wake, naye akanakili bila kusoma, kama anavyonakili siku zote.

Kesho yake Bwana Mniko akamwita mbele aisome kwa sauti. Alisoma vizuri mpaka aya ya pili, nayo ilisema hivi: "Alfajiri hiyo mke wangu Filister alishikwa na uchungu, nami nikamshika mkono mpaka mtoto wetu akazaliwa." Darasa zima lililala juu ya madawati kwa kicheko. Nasikia mwalimu mwenyewe alitoka nje akasimama ameegemea ukuta mabega yakimtetemeka. Tangu siku hiyo mtoto wangu haitwi Nyanchoka, anaitwa Baba Nyanchoka, wanamuuliza kama mke na watoto hawajambo, mpaka wa gredi ya nne wanampigia saluti.

Nyumbani nako ni vita vingine. Filister ni mtu wa Mbita, hajui kunong'ona. "Nyasaye, Mungu wangu! Ulinishika mkono gani, Baba Nyanchoka? Siku hiyo ulikuwa mnadani Ogwedhi unatafuta mbuzi, mimi nilipelekwa hospitali kwa bodaboda na dada yako!" Ni kweli, mshauri. Nilifika mtoto ameshaoshwa. Hapo nilipapamba kidogo.

Binti yangu hanisemeshi. Jana tu ndipo alipokuja akasimama mlangoni akasema, "Baba, baada ya wiki mbili tutashona mbele ya mwalimu, kila mtu peke yake, na mimi hata kutunga uzi kwenye sindano sijui." Halafu akauliza, "Na pale ulipoandika kwamba uliponipakata ulilia mpaka nesi akakupa kiti, huo nao ni uongo?" Nikajifanya natafuta mkasi.

Barua ya Bwana Mniko ninayo hapa, ananitaka Jumatatu saa mbili asubuhi. Nimefikiria kumhamishia mtoto Kegonga kwa shangazi yake, au niende niseme alinakili insha kutoka kitabu fulani. Nifanye nini?

Fundi Masese, Isebania.

*

Fundi Masese,

Umeniomba nisicheke. Umechelewa. Nimecheka mimi, amecheka mhariri, na mpiga chapa ameomba abaki na nakala. Sasa nimejifuta machozi, kaa kitako unisikilize.

Najua unampenda mtoto wako, na kuvuka kutoka mwalimu mmoja hadi walimu tisa ni jambo la kumliza mtu yeyote. Ratiba ukutani ilikuwa akili nzuri. Lakini uzi ulipokatika, ndipo ulipoharibu. Hivi wewe kwa mjomba wako ulikata nyuzi ngapi? Kama mjomba angekunyang'anya kitambaa kila mara, leo ungekuwa unashona nini? Nyanchoka alikuambia amepotea shuleni, nawe ukamwacha palepale ukaenda kusoma wewe. Muhula mzima amebeba begi lako!

Kegonga sahau. Mtoto amehama hatua hamsini tu na bado hajatulia, unataka kumhamisha tena kwa sababu wewe unaona haya? Na hicho kitabu unachotaka kumsingizia, mtunzi wake alimjuaje Filister wako? Acha uongo, umeshaandika wa kutosha kurasa tatu.

Swali alilokuuliza mlangoni lijibu leo, kabla hujala. Mkasi utauona baadaye. Mwambie hukuwepo alipozaliwa, ulikuwa Ogwedhi. Kisha mwambie kama ulilia au hukulia. Sijui ukweli, ila mtu ambaye hakulia hahitaji kujificha nyuma ya mkasi. Atakasirika kwa lile la kwanza, mwache akasirike. La pili, kama ulilia, atalala nalo moyoni.

Kuanzia jioni ya leo mpe sindano, uzi na mabaki ya kitambaa, nusu saa kila siku. Onyesha mara moja, halafu kalia mikono yako. Ninamaanisha hivyo: ikalie. Mshono ukienda mrama, uende. Masomo mengine usiguse kalamu. Muulize amejifunza nini na wapi amekwama, kisha umtume kwa mwalimu wa somo hilo, ana walimu tisa, awatumie. Akirudi na Chini ya Matarajio iliyo yake, mpongeze, kwa maana hapo ndipo mwalimu atajua pa kuanzia. Lile jina la utani litakwisha siku mtoto mwingine atakapoteleza kwenye gwaride. Nawe Filister, mama yangu, umecheka vya haki, lakini mbele ya mtoto na mbele ya wateja sasa basi.

Jumatatu nenda, Nyanchoka awe kando yako, na uanze wewe kabla hujaulizwa: "Mwalimu, insha niliandika mimi, na aproni, na moyo, na sukuma." Usiseme "tulisaidiana." Omba apewe mada nyingine aiandike mwenyewe hapohapo shuleni, hata kama itakuwa nusu ukurasa.

Ukitoka hapo usirudi moja kwa moja kwenye cherehani. Tafuta ofisi ya elimu ya watu wazima iliyo karibu nawe, uliza wanaoendelea na sekondari hukutana siku gani, ujiandikishe. Mtu anayeshindwa kula kwa sababu ya alama za sayansi si mzazi msumbufu tu, ni mwanafunzi aliyekosa dawati. Huko watakupa insha, fundi. Jaza kurasa tatu, jaza nne ukitaka, weka mke, weka mbuzi, na juu kabisa ya karatasi uandike jina: Masese.

Mshauri Rael