Ubavu wa Boti ya Cosmas

Mlingotini, 10 Februari 2025

Baba yangu mpendwa,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta kifua kimetulia na hewa ya Miono imeanza kukuzoea. Shangazi Saida naye mpe shikamoo yangu. Sisi huku hatujambo, joto tu ndilo linatukaanga. Shuaibu ameota jino la pili na ananing'ata kila nikimnyonyesha.

Naandika kwa sababu nikipiga simu unaanza kukohoa hata hatujamaliza kusalimiana, halafu Shangazi anakata. Na jambo lenyewe ni refu.

Habari za msiba wa Cosmas, mtoto wa Mwalimu Hieronimo wa Bagamoyo, ulizipata. Boti yake ya tanga, ile ya faiba aliyofundishia watoto, iligongwa na boti ya mashine iliyokuja kasi. Iliingia ubavu wa kulia wa boti yake, nyuma, palepale alipokuwa amekaa. Watoto aliokuwa nao waliokolewa. Yeye aliokotwa siku ya pili, upande wa Mbegani. Boti ikavutwa mpaka kwenye karakana yetu, na tangu Desemba imelala hapa chini ya turubai.

Juzi Mwalimu kaja. Kasema, "Mina, nataka pale palipogongwa pasijulikane."

Nikamwambia nitaziba vizuri.

"Sijasema uzibe. Nimesema pasijulikane. Mama Cosmas anataka boti irudi nyumbani ikae uani. Akipaona pale, nitampoteza na yeye."

Alikuwa analia, lakini amesimama wima kama yuko mbele ya darasa.

Baba, tundu halinitishi. Faiba nitaijenga tabaka kwa tabaka mpaka ishikane. Kinachonitisha ni jelikoti, ile rangi ngumu ya juu. Boti hii inanizidi umri. Zamani ilikuwa krimu, sasa sijui niiiteje. Juu imepauka kama chaki, chini imeingia umanjano, na ukisogea hatua moja unakuta rangi nyingine. Wewe ndiye uliyekuwa unachanganya, mimi kazi yangu ilikuwa msasa. Nianzie wapi?

Mwanao,
Mina


Miono, 18 Februari 2025

Mwanangu Mina,

Marahaba, na waaleikum salaam warahmatullah. Barua nimeipokea na nimeisoma. Kifua kinakwenda kinarudi. Mahindi ya shangazi yako yamenyauka, yeye mwenyewe hajambo. Mbusu Shuaibu, mwambie jino si la kumng'atia mama.

Yule kijana namkumbuka. Mungu ampumzishe. Sikiliza sasa.

Usiitazame rangi iliyo juu. Ule unga mweupe ni jelikoti iliyokufa kwa jua. Piga msasa wa maji, halafu polishi, mpaka ing'ae. Itakayotokea hapo ndiyo unayoitafuta. Wala usidanganywe na rangi ya ndani ya kishubaka cha kuwekea vitu, ile haijawahi kuliona jua, ni kama mtu na picha yake ya utotoni.

Anza na nyeupe. Tia manjano ya udongo kidogo kidogo. Nyeusi usiimimine, chovya kwa ncha ya njiti ya kiberiti, maana ikizidi hairudi. Ikiwa mbichi haisemi kweli. Tia hadina, ile dawa ya kuigandisha, paka kwenye kipande cha faiba, funika na nailoni mpaka ikauke kabisa, piga msasa, ndipo uilinganishe, juani na kivulini. Usikodoe macho muda mrefu. Jicho likichoka hukubali chochote.

Ukipata inayokaribia, usipake bado. Nitumie vipande nivione kwanza.

Babako,
Mtoro


Mlingotini, 27 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Ramadhani ndiyo hiyo imebisha hodi, Mungu atufikishe sote salama. Wewe na kifua hicho usifunge, nimekwisha muuliza shehe na amesema hivyohivyo, kwa hiyo usimbishie Shangazi.

Faiba imekaa. Nimeijenga kwa ndani na kwa nje, ukigonga inalia sawa na kwingine. Rangi ndiyo inanitoa roho. Nachanganya, nakausha, napiga msasa, natazama. Ya jana nilidhani ndiyo, nikaipeleka kivulini ikageuka kijani kama embe bichi. Nimemwaga makopo mpaka naona haya.

Adamu wa lori la mananasi atakuletea bahasha. Kipande kikubwa ni cha boti yenyewe, kimetoka kwenye ukingo wa tundu, nimekiosha na kukipiga polishi. Hivyo vidogo vitatu ni vyangu. Nimevitia alama za msumari: chenye mchubuko mmoja ni cha kwanza, miwili cha pili, mitatu cha tatu. Mimi jicho langu linavutwa na cha tatu, lakini sijiamini. Usoni mwa Mwalimu kila akija naona kama ameshikilia pumzi. Wewe sema, nami nitapaka utakachosema.

Boti ikiisha nakuja Miono na mtoto.

Mwanao,
Mina


Miono, 7 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo. Vipande nimeviona.

Ni cha pili. Na kile cha boti ni ndugu wa ziwa moja. Paka.

Babako


Mlingotini, 16 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Habari za funga. Sisi wazima.

Nilipaka cha pili. Nilichanganya kopo zima kwa kipimo kilekile, nikapaka alasiri, nikafunika. Kesho yake nikapiga msasa na polishi, nikaosha. Jua lilipopanda nikaona. Kiraka kimeingia wekundu, baba. Kimekaa ubavuni kama plasta kwenye goti la mtoto. Mtu aliye kwenye ngalawa kule nje angekiona.

Mwalimu alikuja nikiwa nimesimama hapo. Akatazama. Hakunigombeza. Alichukua turubai akaifunika boti mwenyewe, akafunga kamba moja moja, akaondoka. Ningeona afadhali angenitukana.

Nilikuwa na hasira nawe, sikufichi. Nikaitoa barua yako niisome tena, nione kama nilikosea mimi. Ndipo nikaitazama vizuri. Mistari inapanda mlima. Neno "paka" umeliandika juu ya neno jingine. Jina lako hukuliandika kabisa, na wewe hujawahi kuacha kuliandika.

Baba, unaona?

Mwanao,
Mina


Mlingotini, 2 Aprili 2025

Baba yangu,

Shikamoo, na Idi Mubarak. Tulikula pilau bila wewe, haikunoga.

Nimengoja jibu. Simu ya Shangazi haipatikani, watu wanasema mvua imeangusha mnara huko. Adamu anasema alikukabidhi barua mkononi, ukaiweka mfukoni, ukamshukuru.

Sikuuliza kwa ubaya. Kiraka nimekikwangua chote, boti iko uchi tena. Naulizia hali yako wewe tu, siulizi boti.

Mwanao,
Mina


Miono, 10 Aprili 2025

Mwanangu Mina,

Marahaba. Anayeandika ni shangazi yako Saida, maneno ni yangu. Nimemwambia asiongeze wala asipunguze, naye ananuna.

Ni presha ya macho. Ilianza nikiwa bado Mlingotini, nikadhani ni vumbi la faiba. Nilipokuja huku shangazi yako akanipeleka hospitali. Daktari akasema sehemu iliyokufa haifufuki, kuna dawa ya matone ya kushikilia iliyobaki. Nayatia. Iliyobaki nayo inakwenda.

Barua yako ya kwanza niliisoma kwa shida, neno moja moja, lakini niliisoma. Vile vipande nilitoka navyo nje saa sita, jua kali. Nikavigeuza na kuvigeuza. Vyote vilikuwa kimoja, Mina. Nilichukua cha katikati kwa kuwa ni cha katikati.

Uliniuliza kitu ninachokijua. Ni muda mrefu mtu hajaniuliza kitu huku, zaidi ya kama nimekula. Nikashindwa kusema sioni.

Usinitumie tena. Chukua kile ulichokiona wewe. Na jambo moja: usiishie katikati ya ubavu. Ipeleke rangi mpaka kwenye kona ya nyuma na mpaka kwenye ule mstari wa bluu unaoizunguka boti, macho ya mtu yasipate mahali pa kulinganishia. Hilo nalijua hata gizani.

Mwambie Mwalimu kosa ni langu.

Babako,
Mtoro

(Mina, usimlaumu. Tangu ile barua yako ya Machi ifike amekuwa akikaa nayo kibarazani bila kuifungua. Mimi ndiye niliyemsomea, baada ya Idi. Shangazi.)


Mlingotini, 29 Aprili 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikaiweka, nikaisoma tena. Sikukujibu upesi kwa sababu kila nilichoanza kuandika kilikuwa kidogo. Mwalimu sijamwambia kitu. Mpakaji ni mimi.

Nilirudi kwenye cha tatu, nikaongeza tone la manjano. Nikaipeleka mpaka kona ya nyuma na mpaka mstari wa bluu, kama ulivyosema. Mvua ikanizuia, nikangoja, nikapiga polishi Ijumaa Kuu karakana ikiwa kimya, wenzangu hawapo. Baba, ilikaa. Juani ilikaa, kivulini ikakaa. Baada ya Pasaka Mwalimu akaja, akaizunguka, akainama, akavaa miwani akavua. "Sioni," akasema. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nilifurahi. Nilimwona kama mtu aliyetuliwa gunia.

Alhamisi akamleta mkewe. Mama Cosmas bado amejifunga kitenge cheusi. Alinisalimu vizuri, akampokea Shuaibu, akamrudisha. Akaiendea boti. Akapita ubavu wa kushoto, akaja wa kulia, akarudi nyuma. Kisha akaanza kupapasa kwa kiganja.

"Ni wapi?" akauliza.

"Wapi nini?" Mwalimu akasema.

"Alipogongwa mwanangu."

"Hakuna kitu tena, mke wangu. Pamekwisha."

"Nani alisema nataka paishe?"

Hakupaza sauti. Laiti angepaza. Mwalimu akasema, "Nilidhani hutaweza kupaona."

"Ulidhani. Hukuniuliza. Walipomleta mlisema nisimtazame, nikakubali. Jeneza mkalifunga. Nikasema basi, boti itakuja nyumbani, nitapaona alipokuwa amekaa, nitaweka mkono pale. Sasa na pale mmepafuta."

Mama akanigeukia mimi.

"Mwanangu, unaweza kuparudisha?"

Ningechukua nyundo nikapatoboa, lakini lingekuwa tundu langu, si lile. Nikamwambia siwezi, Mama. Nikamshika mkono nimwekee mahali penyewe. Na wallahi, baba, mimi niliyeijenga faiba ile tabaka kwa tabaka, nilisimama pale nisijue. Ilinibidi nipime kwa shibiri kutoka kona ya nyuma, yeye akiningoja na mkono wake mkononi mwangu. Nikamwekea. Akaegemeza shavu. Mwalimu alienda akasimama mbali, kwenye mikoko, ametupa mgongo.

Boti haijaondoka. Mama anakuja karibu kila siku akitoka misa. Hagombani na mtu. Anasema, "Nionyeshe," nami napima tena kwa shibiri, namwonyesha. Jana alisema, "Una hakika ni hapa?" Nikasema ndiyo. Sina hakika, baba. Labda napishana napo kwa kiganja kizima.

Niliahidi kwamba boti ikiisha nakuja. Imekwisha, na nimebaki naogopa. Macho yako na hii boti, vyote siviwezi. Nikifika nitasema nini mbele yako?

Mwanao,
Mina


Miono, 6 Mei 2025

Mwanangu,

Marahaba. Hii naandika kwa mkono wangu. Shangazi yako ameshika karatasi tu. Nisamehe mistari.

La Mama Cosmas sina jawabu. Nimelitafuta. Kila akija mwonyeshe, wala usichoke. Usimwambie kitu.

Nami usiniambie kitu. Njoo tu.

Njoo mchana. Kilichobaki machoni ni kidogo sana, kama tundu la ufunguo, chini upande wa kushoto. Shuaibu alizaliwa nikiwa huku, nimemsikia kwenye simu, sijamwona. Ukifika mbebe, simama hapo kushoto penye mwanga. Usiseme. Usitikisike. Usiniharakishe.

Babako,
Mtoro