Aliondoka Kabla Picha Haijaisha

Temeke,
Dar es Salaam.
9 Agosti, 1953.

Mpendwa kaka Anselmo,

Shikamoo kaka yangu, na tumsifu Yesu Kristo. Mgongo wako unaendeleaje? Wifi hajambo? Na mihogo huko Masasi, mwaka huu imekubali? Sie huku wazima, ila mie sijatulia tangu jana mpaka kalamu inateleza, basi usinicheke mwandiko.

Kaka, Fransis yumo ndani ya senema! Wallahi, kama wasemavyo majirani zangu. Mwaka jana Wazungu wa picha walikuja pale Mtoni anapofanya kazi ya kutengeneza ngalawa, wakataka vijana wa kushindana kwa tanga. Mie nikakataa, maji hayajui mtoto wa nani. Mwenyewe akasema, "Mama, ni picha tu."

Hadithi yenyewe ni ya vijana wawili wanaogombea ushindi. Mmoja mwema, ndiye Pazi, rafiki yake wa palepale Mtoni. Mwingine mbaya, anamkatia mwenzie kamba ya tanga kwa siri. Na huyo mbaya, kaka, ndiye mwanangu! Eti wamemwona ana macho ya hila. Macho yale si ya marehemu baba yetu jamani?

Sasa sikia balaa. Fransis tumemposea binti wa Mzee Leodegar, Mhaya, karani wa reli, mtu wa kanisani asiyecheka ovyo. Binti anaitwa Felicitas, mpole, na mwanao anampenda mpaka anasahau kula. Tukiwa tunangoja jibu, gari la senema likaja hapa uwanjani. Mtaa mzima ulitoka. Mzee Leodegar alikuja na kiti chake mwenyewe.

Fransis alipotokea kwenye shuka la kuonyeshea picha, nilipiga kigelegele mpaka sauti ikakauka. Lakini alipotoa kisu akaikata ile kamba, watu wakazomea kweli kweli! Bi Zuena muuza vitumbua akanigeukia, "Mama Fransis, ndiyo malezi hayo?" Nikamjibu, "Kaambiwa akate, hakukata kwa akili yake!" Watu wakacheka. Kugeuka, namwona Mzee Leodegar anabeba kiti chake, anaondoka.

Na picha haijaisha! Mbele kule ngalawa ya Pazi inapinduka. Fransis kabakiza kidogo tu kushinda, lakini anageuza, anajitupa majini, anamtoa mwenzie. Na hilo, kaka, halikuwamo kwenye hadithi. Siku ile ya kupigwa picha Pazi alinaswa kweli chini ya tanga, Wazungu wakawa wanapiga kelele tu, Fransis akaacha mchezo akamfuata. Picha ikaachwa vilevile.

Kesho yake mke wa mzee, Mama Felicitas, akaleta neno kwamba jibu lingoje kwanza. Fransis nikamwambia nenda ukajieleze, akasema, "Nikamwambie nini, mama? Kwamba mie siye yule?" Akaingia ndani kulala, hata uji hakuugusa.

Jana nikasikia gari la senema litaonyesha picha ileile Gongo la Mboto. Nikajifunga khanga, nikaenda kwa mzee. "Shikamoo baba. Umemhukumu mtoto kwa nusu ya picha."

"Nusu niliyoiona inatosha."

"Hata misa huwa unaondoka katikati?"

Akainuka, akachukua kofia yake. Kiti chake nacho akakibeba.

Tulipata lori la mkaa linalorudi Pugu tupu. Fikiria, kaka, Mzee Leodegar na suti yake nyeupe, kakaa juu ya kile kiti chake, lori linaruka mashimo! Kufika, watu wa kule nao wakazomea ileile kamba. Mzee akainuka. Nikamshika koti. "Kaa, baba!" Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Akakaa. Ngalawa ikapinduka, Fransis akageuza, uwanja mzima ukasimama kushangilia, na mzee kasimama juu ya kiti ili aone.

Tukashika njia ya kurudi. Tumeshakaribia nyumbani ndipo akauliza, "Sasa mashindano alishinda nani?"

"Hakuna, baba. Walilowa wote."

Kaka, alicheka! Suti ile nyeusi kwa mkaa, na anacheka mpaka anapangusa machozi. Ila akasema Fransis anaogelea kama mbuzi.

Leo baada ya misa kanisimamisha mbele za watu. "Mama Fransis, kijana wako hana mjomba? Posa gani hii, kila siku naletewa mama? Mjomba wake aje tupange siku."

Basi kaka, uza kuku, azima koti, teremka Lindi upande meli. Fransis atakupokea bandarini. Leo kala sahani mbili.

Msalimie wifi Yuliana, na shangazi Demetria mwambie simsahau kwenye sala. Mungu akushike mkono mpaka ufike mlangoni kwangu.

Mimi dada yako nikupendaye,
Yustina